Nyota Moja Juu ya Ubena

Konda alilipapasa sanduku langu, akaligonga kwa kidole, akauliza, "Kaka, hii ni pampu ya maji au ekzosi ya lori?" Nikamwambia ni darubini ya kutazamia nyota. Akanikazia macho aone kama namtania, kisha akalisukuma chini ya siti ya nyuma, kati ya ndoo ya rangi na gunia la sukari, akanitoza nauli ya pampu.

Tulikuwa stendi ya Makambako, mwezi wa Juni, jua limeshaanza kulegea. Upepo wa Makambako hauna adabu: unaingia kolani, unapekua mifuko, unamwaga vumbi kwenye sufuria za chai. Mji wenyewe ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Iringa inanyooka kwenda Mbeya na Tunduma, nyingine inakata kushoto kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo, ikishamaliza kupanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja, inapumulia hapa. Wengi wanaoijua Makambako wanaijua kwa dirisha la basi. Wamenunua mahindi ya kuchoma, wamenyoosha miguu, wameondoka.

Mimi nilishuka kwa makusudi. Nilikuwa nafuata njia mbili za zamani. Moja ilipita ardhini, kwenye nyanda hizi za Uhehe na Ubena, mwaka 1879. Nyingine inapita juu yake usiku, na kwa karibu miaka 1,900 imepita pia kwenye vitabu: ni safari ya nyota moja hafifu ya kundi la Kantarusi, ambayo kila aliyeitazama kwa chombo kipya alikuta kitu kipya. Nilitaka kuzitazama zote mbili nikiwa nimesimama mahali pamoja.

Kosta ilikuwa bado inasubiri abiria, nikaagiza chai ya rangi. Mama muuza chai aliposikia habari ya darubini hakushangaa hata kidogo. "Sisi hapa tumeliona jua likivaa pete," alisema, akaniundia duara kwa kidole gumba na cha shahada. Alikuwa anasema siku ile ya tarehe 1 Septemba 2016, Mwezi ulipopita mbele ya Jua karibu na adhuhuri na kuacha mzingo wa moto pembeni. Ukanda wa kivuli, wenye upana wa kilomita 100 hivi, ulipita Rujewa, ukapita hapa, ukaelekea Ruvuma na Mtwara. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza Watanzania mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kueleza nini kitaonekana na wapi. Mama yule hakutaja jina la mtaalamu. Alilokumbuka ni kuku kuingia bandani mchana.

Mnyapara na zebaki

Mei 1879 Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kilitoa msafara Dar es Salaam kwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani, mtoto wa mchora ramani wa Edinburgh. Hakufika mbali. Tarehe 28 Juni kuhara damu kulimmaliza Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji. Msafara ukabaki mikononi mwa msaidizi wake, Joseph Thomson, mwanajiolojia wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuiona Afrika kabla ya safari hiyo.

Vitabu husema kwamba Thomson aliongoza msafara hadi Nyasa. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba nahodha hupeleka jahazi. Lakini mtu aliyejua namna ya kuwaamsha watu alfajiri, kugawa mizigo, kujadiliana hongo na machifu, na kutambua mpagazi anayeumwa na anayejifanya mgonjwa, alikuwa mnyapara James Chuma. Alikuwa Myao. Utotoni alikamatwa na wafanyabiashara wa utumwa, akafunguliwa mwaka 1861 katika nchi ya mto Shire na kundi la Livingstone na Askofu Mackenzie. Akafuatana na Livingstone, akasoma Bombay, akarudi naye bara. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Chuma na Abdullah Susi waliongoza wenzao kuubeba mwili wake, pamoja na shajara na vyombo vyake, zaidi ya kilomita 1,600 hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Mtu aliyekwisha kufanya hayo hakuhitaji kufundishwa njia na kijana wa miaka 21.

Nyuma ya Chuma walikuwapo wapagazi wapatao 150. Walipanda kutoka mabonde yenye joto la Mahenge hadi nyanda za juu za Uhehe, wakapita Ubena, na Septemba wakaliona Ziwa Nyasa likiwa chini yao. Njia yao haikupita juu ya lami hii ya Makambako. Ilipita kwenye baridi hii hii na nyasi hizi hizi, na usiku chini ya anga hii hii.

Na anga ilikuwa sehemu ya mzigo. Enzi zile msafiri wa bara alijua yuko wapi kwa kupima nyota. Baharini mpimaji ana upeo wa maji, kwa hiyo hupima nyota iko juu ya upeo kwa kiasi gani. Bara kuna vilima na miti, upeo haunyooki. Dawa yake ilikuwa zebaki. Unaimimina kwenye sinia ndogo ya chuma, unaifunika kwa vioo isitikiswe na upepo, nayo inatulia kuliko maji ya mtungi. Nyota sasa unaiona mara mbili, moja juu angani na nyingine ndani ya sinia. Sekstanti hupima pembe kati ya hizo mbili, na nusu ya pembe hiyo ndiyo kimo cha nyota. Ukijua kimo chake inapovuka mstari wa kaskazini na kusini, na ukiwa na kitabu cha mahali pa nyota, hesabu fupi inakuambia uko nyuzi ngapi kutoka Ikweta.

Zebaki ni nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji. Chupa ndogo tu ya chuma yenye zebaki inaweza kuuvunja moyo wa mtu asiyeitarajia. Mzungu aliitazama nyota kwa dakika chache. Kwa siku nzima kabla ya hapo, nyota ile ilikuwa begani mwa mtu mwingine.

Kupanda Njombe

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, na barabara haiachi kupanda isipokuwa pale inaposhuka ili ipate nguvu ya kupanda tena. Lami hii ya kwenda Songea ilijengwa miaka ya 1980. Sambamba na barabara hiyo sasa kuna nguzo za umeme wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, mradi uliokamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo Songea iliwaka kwa jenereta za dizeli. Umeme ni neema, hakuna abishaye. Mtazama nyota huishukuru neema hiyo huku akitafuta kona ambayo bado haijafikiwa.

Pembeni mwa njia ilianza kutokea miwati, safu kwa safu. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya mti huu, yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kisha mashamba ya chai, kijani kilichonyolewa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Abiria mmoja mmoja walianza kuvaa makoti bila kuambizana. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ndiyo mwezi wake wa ukali: mchana anga safi, usiku baridi inayouma masikio, asubuhi sakitu imelala juu ya majani ya viazi.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu anayekaa nje kidogo ya mji, mahali ambapo taa za barabarani zimekata tamaa. Alinipokea kwa "Kamwene," nikamjibu "Kamwene, Mwalimu," akasema afadhali nimekuja Juni, ingawa nimeukosa msimu wa ulanzi. Badala yake tulipewa chai na viazi mviringo vya kuchemsha, vya moto hata vinahamahama kutoka kiganja hadi kiganja. Mjukuu wake wa kike, darasa la tano, hakutaka chai wala viazi. Alitaka sanduku lifunguliwe.

Nyota inayobadilika

Saa mbili na nusu usiku giza lilikuwa limekamilika. Tukageukia kusini. Kundi la nyota la Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, lilikuwa limesimama, limeinama kidogo tu upande wa magharibi. Kushoto kwake ziliwaka nyota mbili kubwa za Kantarusi, ile ang'avu zaidi ikiwa Rijili Kantori, jina lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya mguu wa Kantarusi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliziita mbili hizo Himarani, yaani punda wawili. Ahmad ibn Majid, rubani wa Julfar aliyeandika katika karne ya 15, alifundisha kupima vimo vya nyota kwa upana wa vidole, na utenzi wake mmoja wa kibaharia unahusu njia ya pwani yetu hadi Sofala. Kwa hiyo mwambao wa Waswahili uliingia kwenye hesabu za nyota karne nne kabla Johnston hajafunga sanduku lake.

Nilimwonyesha mtoto njia. Anza na punda wa karibu na Salibu, yaani Beta ya Kantarusi. Panda juu hatua moja hadi Epsiloni. Panda hatua nyingine inayokaribia kulingana na ya kwanza, na hapo utaona nyota hafifu, yenye ukungu kidogo, kama taa iliyo nyuma ya pazia. "Nimeiona," akasema. "Mbona imechoka?"

Ndiyo hiyo. Klaudio Ptolemayo, aliyekuwa Aleksandria ya Misri, aliiorodhesha miongoni mwa nyota za mgongo wa Kantarusi katika kitabu chake cha karne ya 2. Aliiona kwa jicho tupu, akaiandika nyota moja. Wakati wake ilipanda kama nyuzi 20 juu ya upeo wa Aleksandria. Mhimili wa Dunia huyumba polepole kama pia inayotaka kulala, na leo huko huko inafikia kama nyuzi 11 tu. Misri inaipoteza taratibu. Sisi bado tunayo kwa ukarimu.

Mwaka 1603 Johann Bayer, mwanasheria wa Ujerumani, alichapisha atlasi ya nyota na kuipa herufi ya Kigiriki, akaifanya Omega ya Kantarusi. Herufi ni jina la nyota, na nyota ni moja. Mwaka 1677 Edmond Halley, kijana wa miaka 20 aliyeacha chuo Oxford akaenda kisiwa cha Mtakatifu Helena kuorodhesha nyota za kusini, aliigeuzia darubini na kuona si nyota ya kawaida. Ilikuwa doa la nuru. Mwaka 1751 padri Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alifika Rasi ya Tumaini Jema. Kwa darubini yenye upana wa nusu inchi, mdogo kuliko kizibo cha chupa ya soda, alipima karibu nyota 10,000, na Omega ikaingia kwenye orodha yake ya mawingu ya mbinguni. Katika safari hiyo hiyo alipima pia umbo la Dunia kwa kupima sehemu ya meridiani, kwa kuwa mbingu na ardhi zilikuwa bado kazi ya mtu mmoja.

Mwaka 1826 James Dunlop, akiwa Parramatta nchini Australia, aliliona doa hilo likivunjika kuwa nyota, mpira mzima wa nyota unaozidi kubanana kuelekea kati. Kisha akaja John Herschel. Alikaa karibu na Cape Town kati ya 1834 na 1838 akiwa na darubini yenye kioo cha karibu sentimita 46, chombo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa vimeelekezwa anga la kusini hadi siku hiyo. Baada yake hakukuwa na shaka tena. Omega ni fungunyota tufe, jamii ya nyota zilizofungamana kwa mvuto wao wenyewe hadi zikawa na umbo la mpira, tena ni kubwa na yenye nyota nyingi kuliko nyingine zote za namna hiyo katika Njia Nyeupe, galaksi yetu.

Darubini yangu ina kioo cha sentimita 15. Nilipoielekeza, nikazungusha kirekebishi hadi ukungu ukakaza, nikamwita mjukuu. Alipanda juu ya kigoda. Kimya kikawa kirefu hadi babu yake akauliza kama amelala.

"Babu," akasema bila kuondoa jicho, "mtu amemwaga unga."

Mwalimu naye alitazama. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kati pameumuka kama donge, kingoni punje zinaachana moja moja, na kila ukizidi kutulia zinazidi kutokea nyingine katikati ya zile ulizodhani umezimaliza. Akaniuliza, "Sasa unasema ziko ngapi?"

"Kama milioni 10, Mwalimu."

"Nani kazihesabu?"

Wahesabuji

Swali la mwalimu halikwepeki, nami nilikuwa na jibu la vipande vipande. Miaka ya 1890 Solon Bailey, aliyekuwa katika kituo cha Chuo cha Harvard huko Arequipa, Peru, alipiga picha za Omega kwenye bamba za kioo. Kwenye bamba moja zilihesabiwa zaidi ya nyota 6,000, moja baada ya nyingine. Katika nyota hizo aligundua zaidi ya 100 ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa saa zake maalumu, kama kifua kinachopumua.

Kupumua huko ndiko kulikotoa kipimo cha umbali. Harvard ilikuwa na chumba cha wanawake waliolipwa ujira mdogo kupekua bamba za picha kwa kioo cha kukuzia. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alionyesha mwaka 1912 kwamba katika aina fulani ya nyota hizo, ile inayochukua muda mrefu kupumua ndiyo yenye nguvu zaidi ya mwanga. Ukijua nguvu halisi ya taa, ukalinganisha na inavyoonekana kwako, unajua iko mbali kiasi gani. Harlow Shapley alichukua kanuni ya namna hiyo akayapima mafungunyota tufe. Mwaka 1918 akatoa hoja kwamba yamekusanyika kulizunguka eneo lililo upande wa kundi la Mshale, na kwamba huko ndiko kilipo kitovu cha Njia Nyeupe. Jua letu halikai katikati. Linakaa kando, kama nyumba iliyo nje kidogo ya mji ambako taa za barabarani hazijafika.

Usiku ule tuliungoja ushahidi wa Shapley. Kadiri saa zilivyokwenda, Mshale ulipanda hadi karibu na utosi, maana Njombe iko mahali ambapo kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana. Huko nikawaonyesha fungunyota ambalo Abraham Ihle, Mjerumani, aliliona mwaka 1665, la kwanza la aina hii kugunduliwa kwa darubini. Watu wa Ulaya ya kaskazini hulitafuta karibu na ardhi, katikati ya mvuke na moshi. Sisi tulilitafuta mpaka shingo zikauma.

Hesabu ya Omega iliendelea. Leo umbali wake unakadiriwa kuwa miaka ya nuru 17,000, kwa hiyo nuru iliyoingia jicho la mtoto juu ya kigoda iliondoka kule kabla mwanadamu hajalima shamba lake la kwanza. Umri wake ni kama miaka bilioni 12. Upana wake ni kama miaka ya nuru 150, na kati yake nyota zimesongamana kiasi kwamba usiku wa huko, kama kungekuwa na mtu wa kuuona, usingekuwa na giza. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na Njia Nyeupe zamani. Julai 2024 kundi la watafiti lililoongozwa na Maximilian Häberle lilitangaza matokeo ya kupekua zaidi ya picha 500 za darubini ya Hubble za miaka zaidi ya 20. Walipima mwendo wa nyota milioni 1.4, na karibu na kitovu wakakuta saba zinazokwenda kasi kuliko inavyopasa. Kitu kisichoonekana kinazishikilia zisitoroke: shimo jeusi lenye uzito wa angalau Jua 8,200.

"Kwa hiyo," mwalimu alisema, "yule wa kwanza alisema moja."

"Moja."

"Na hakusema uongo. Jicho lake ndilo lililoishia hapo."

Majina

Tulirudi jikoni kuota moto. Nilimsimulia mwalimu habari za Chuma, naye akanisimulia Kitulo. Nyanda ile ya maua iliyo upande wa Makete, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kwa miongo mingi kabla ya hapo ramani za Waingereza ziliiita Uwanda wa Elton, kwa ajili ya James Frederick Elton, balozi mdogo wa Uingereza Msumbiji, aliyepita huko mwaka 1877 akitoka Nyasa, na kabla mwaka haujaisha akafia Ugogo. Alipita mara moja, jina likakaa karibu karne. Hata safu ya milima inayoshukia Nyasa bado inaitwa Livingstone.

Sina ugomvi na Elton. Wala na Thomson, aliyemsifu Chuma waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1881. Chuma mwenyewe alifariki Unguja mwaka uliofuata, 1882. Tatizo ni la jicho la Ptolemayo. Tunapoutazama msafara wa 1879 tukiwa mbali, tunaona nuru moja, tunaipa herufi, tunasonga mbele. Ukitumia chombo bora kidogo unaona wawili, Thomson na Chuma, na hapo wengi wetu tunaridhika, tukidhani tumewatendea haki Waafrika kwa kumtaja mmoja. Nuru ile inahitaji kioo kipana zaidi. Baada ya mwili wa Livingstone kufika kwao, Chama cha Kijiografia kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu waliomtumikia hadi mwisho. Sitini! Mtoto wa shule anajua wawili.

Reli niliyoiona Makambako nayo ni hivyo. Tunasema Nyerere na Kaunda waliijenga kwa msaada wa China, kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Aliyelala kwenye hema la Mlimba, akachimba handaki kuelekea huku juu kwa nyundo na baruti, ni mmoja wa makumi ya maelfu. Mwalimu aliinuka, akachochea kuni. Akasema kaka yake alifanya kazi kwenye kipande hicho, akanitajia jina lake, la baba yake, na la kijiji. Nililiandika kwenye daftari. Si jina la kuchapisha gazetini, lakini niliona si haki kuliacha jikoni.

Kabla ya kulala nilitoka peke yangu nikamalizia jaribio moja. Sina zebaki wala sekstanti. Omega ilikuwa imeshateremka magharibi, lakini saa tatu kasoro, ilipokuwa juu kabisa upande wa kusini, nilikuwa nimeipima kwa ngumi za mkono ulionyooshwa, kila ngumi ikiwa kama nyuzi 10. Nilipata ngumi tano na kidogo, tuseme nyuzi 52. Toa katika 90, inabaki 38. Nyota yenyewe iko nyuzi 47 na nusu kusini ya Ikweta ya anga. Toa 38, inabaki 9 na nusu. Ramani inaiweka Njombe nyuzi 9 na theluthi kusini ya Ikweta. Ngumi yangu ilikuwa imekosea kwa kilomita zisizofika 20, na hakuna aliyenibebea chochote isipokuwa konda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mlango uligongwa. Alikuwa mjukuu, amejifunika blanketi la babu, anatetemeka na kucheka. "Kimerudi," alisema.

Mashariki, juu kidogo ya miwati, kwenye anga lililoanza kupauka, Kilimia kilikuwa kimechomoza tena baada ya wiki kadhaa za kujificha nyuma ya Jua. Hicho nacho ni fungunyota, ingawa la ukoo mwingine. Ni kichanga cha miaka milioni 100 hivi, nyota kama elfu moja zilizotawanyika, umbali wa miaka ya nuru karibu 440, kiasi kwamba nuru yake ya asubuhi ile iliondoka huko karibu na enzi Wareno walipojenga Ngome ya Yesu Mombasa. Lakini hiki hakikuhitaji Bayer kukipa herufi. Waliokiita walikuwa na jembe mkononi: Kilimia, nyota ya kulimia. Wazulu wa Afrika Kusini wanakiita isiLimela, mzizi ule ule wa kulima, kana kwamba neno lilifungwa kwenye mzigo na kubebwa na watu ambao hakuna aliyewaandika, huku na huko, bara zima.

Mtoto alikuwa ananyooshea kidole na kuhesabu kwa sauti. Alifika sita, akarudia, akafika sita tena.

"Leta darubini," akasema.